D'Entrecolles: Padri aliyeifikisha Ulaya siri ya kauri ya China

Na Mwandishi Wetu

SEPTEMBA 1, mwaka 1712, padri mmoja Mfaransa aliyekuwa akitumikia misheni katika jimbo la Jiangxi, kusini mwa China, aliketi na kuandika barua ndefu kwenda Paris. Haikuwa barua ya kuomba fedha, wala haikuhesabu waumini waliobatizwa mwaka ule. Ilieleza hatua kwa hatua jinsi mafundi wa mji wa Jingdezhen walivyotengeneza vyombo vyeupe vya kauri vyenye michoro ya buluu, bidhaa ambayo Ulaya ilikuwa ikiinunua kwa fedha nyingi huku ikishindwa kuiiga.

Padri huyo ni François Xavier d'Entrecolles, ambaye Wachina walimfahamu kwa jina la Yin Hongxu. Zaidi ya karne tatu zimepita, lakini wakemia wanaochunguza kauri za kale bado huifungua barua hiyo, pamoja na ya pili aliyoiandika mwaka 1722, wanapotaka kujua kile kilichowekwa ndani ya tanuri. Wako wanaomhesabu kuwa ni shahidi bora kuliko wote wa ufundi huo. Wako pia wanaomwita jasusi wa viwanda.

Vitabu vingi vinaandika kuwa d'Entrecolles alizaliwa mwaka 1664 mjini Limoges, Ufaransa. Mwaka 1682, akiwa kijana wa miaka 18, alijiunga na Shirika la Yesu, ambalo wanachama wake hujulikana kama Wajesuiti. Mwaka 1698 alipelekwa China, safari ya baharini iliyochukua miezi mingi na ambayo wengi walioianza hawakurejea kwao. Naye hakurejea. Aliishi China kwa zaidi ya miaka 40, na huko ndiko alikofia.

Ufaransa wakati huo ilikuwa chini ya Mfalme Louis wa 14, ambaye alipenda kupeleka China mapadri waliobobea katika hisabati na elimu ya nyota. Shabaha ilikuwa dini, lakini maarifa nayo yalikuwa yakisakwa. Barua walizoziandika zilikusanywa na kuchapishwa mjini Paris katika vitabu vilivyosomwa hata na watu wasiojali sana habari za kanisa. Kwa hiyo, padri aliyekuwa maelfu ya kilomita kutoka kwao alijua fika kwamba alichokiandika kingesomwa na wengi.

D'Entrecolles alipangiwa Jiangxi, jimbo la milima, mito na ziwa kubwa la Poyang. Kuanzia mwaka 1706 hadi 1719 alikuwa mkuu wa misheni yote ya Wajesuiti wa Kifaransa nchini China, kazi iliyokuwa na mizigo mingi ya uongozi. Hata hivyo, aliendelea kuwahudumia waumini wa Jingdezhen, na wengi wa waumini hao walikuwa wafinyanzi, wachoraji, wapanga tanuri na wafanyabiashara wa kauri.

Hapo ndipo ulipo mlango wa kisa chote. Mgeni wa kawaida hakuruhusiwa kulala Jingdezhen. Alitakiwa kurudi kulala katika mashua mtoni, isipokuwa kama alikuwa na mwenyeji anayefahamika ambaye angemdhamini. Padri alikuwa na waumini. Aliingia katika karakana ambazo hakuna mfanyabiashara Mzungu aliyepata kuziona, akauliza maswali, akasikiliza, kisha akalinganisha majibu na yale aliyoyasoma katika kitabu cha kumbukumbu za wilaya ile. Alijua Kichina vizuri, jambo ambalo wanunuzi wa Ulaya waliokuwa Canton hawakuwa nalo.

Picha anayoichora ya mji huo ni ya kustaajabisha. Anakadiria kuwa ulikuwa na familia 18,000, na anaeleza kuwa ilisemekana watu wake walifikia milioni moja. Tanuri zilikuwa kama 3,000. Usiku, kwa jinsi moto na moshi ulivyofuka kila upande, mtu aliyeutazama kwa mbali angedhani mji mzima unateketea. Haukuwa na ukuta kama miji mingine ya China, na barabara zake nyembamba zilijaa watu kutwa nzima.

Katika msongamano huo walipita wachukuzi wenye mbao mbili ndefu begani, juu yake vikiwa vimepangwa vyombo vibichi ambavyo havijachomwa. Wapita njia waliwapisha kwa hofu, kwani aliyemgusa mchukuzi na kuangusha chombo alilazimika kulipa. Vipofu na vilema nao walikuwa na riziki yao pale, maana walipewa kazi ya kusaga rangi. D'Entrecolles anaandika pia kwamba chombo kimoja, hadi kukamilika, kilipita katika mikono ya wafanyakazi 70. Mmoja alichora mstari wa ukingoni tu, mwingine akachora ua, wa tatu akalijaza rangi, na hakuna aliyefanya kazi ya mwenzake. Uchumi wa viwanda vya Ulaya, wenye mgawanyo wa kazi wa aina hiyo, ulikuwa bado haujazaliwa.

Hakuwaonea haya wachoraji. Aliwaona kuwa ni maskini kama vibarua wengine, na ujuzi wao, kwa jicho lake, haukuzidi ule wa mwanafunzi wa Ulaya aliyejifunza kwa miezi michache. Hapo padri alionyesha kiburi cha kwao, kwa sababu makumbusho ya dunia leo yanaitunza kazi ya wachoraji haohao nyuma ya vioo.

Ili kuelewa uzito wa barua ile, ni vema kukumbuka chombo cha kauri nyeupe na buluu kinavyokuwa. Kina mwili wake, ambao ni udongo uliochomwa hadi ukawa mgumu na mweupe. Juu ya mwili huo hupakwa mchoro wa rangi yenye madini ya kobalti. Kisha chombo kizima huvikwa utando mwembamba ambao tanurini huyeyuka na kuwa kama kioo, ukaufunika mchoro na kuuhifadhi. Mwili, rangi na utando huchomwa pamoja kwa mara moja, katika joto la takriban nyuzi 1,300 za Selsiasi. Kosa dogo katika kimojawapo huharibu vyote.

Ulaya ilikuwa imeshindwa hata hatua ya kwanza. Mafundi wa Italia na Ufaransa walichanganya udongo na unga wa kioo, wakapata vyombo vya kuvutia macho lakini laini, visivyostahimili joto. D'Entrecolles akaeleza kwamba mwili wa kauri hutokana na vitu viwili. Cha kwanza ni jiwe jeupe lililotwangwa, likachujwa majini na kufanywa matofali madogo, ambalo Wafaransa walilitamka petuntse. Cha pili ni udongo mweupe uitwao kaolini, jina lililotokana na kilima cha Gaoling kilicho karibu na mji huo.

Akatoa hata vipimo. Kwa vyombo bora, viwili hivyo huwekwa sawa kwa sawa. Kwa vyombo vya kati, sehemu nne za kaolini kwa sita za jiwe. Kwa vyombo vya hali ya chini, kaolini haipungui sehemu moja kwa tatu za jiwe. Jiwe ndilo linaloyeyuka na kushikamanisha, kaolini ndiyo inayosimamisha. Anasimulia kisa cha Wazungu waliowahi kununua matofali ya petuntse na kwenda nayo kwao ili watengeneze kauri, lakini hawakuchukua kaolini, wakaambulia patupu. Mfanyabiashara tajiri wa Kichina aliyempa padri habari hizo aliwacheka, akiwafananisha na watu wanaotaka mwili uwe na nyama bila mifupa.

Lakini sehemu iliyowavuta zaidi wanasayansi wa baadaye ni ile inayohusu utando. Mafundi wa Jingdezhen waliuita mafuta, na padri akalitumia neno hilohilo. Msingi wake ulikuwa jiwe lilelile la petuntse, ila lililochaguliwa kwa uangalifu zaidi, lililo jeupe na lenye madoa ya kijani. Likasagwa hadi likawa laini kama maziwa mazito. Kisha likachanganywa na mafuta ya pili yaliyotokana na chokaa na kangaga.

Namna ya kuyapata mafuta hayo ya pili ilikuwa ndefu. Chokaa ilinyunyiziwa maji hadi ikawa unga. Likatandazwa tabaka la makangaga makavu, juu yake tabaka la chokaa, tena makangaga, tena chokaa, kisha rundo zima likachomwa. Majivu yakarudishwa katika matabaka mapya ya makangaga na kuchomwa upya, mara tano au sita mfululizo. Mwishowe yakatiwa majini, na tope laini lililobaki chini ndilo lililotumika. Mchanganyo bora, kwa mujibu wa barua hiyo, ulikuwa makarai kumi ya mafuta ya jiwe kwa karai moja la mafuta ya chokaa na kangaga. Ndoo, majivu na majani ya porini, basi. Hakukuwa na uchawi wowote.

Buluu nayo ilikuwa na maandalizi yake. Madini yalifukiwa katika changarawe ndani ya tanuri, yakakaangwa kwa saa 24, ndipo yakasagwa hadi kuwa unga usioshikika. Mchoro uliochorwa kwa unga huo ulionekana mweusi na wa kusikitisha kabla ya moto. Buluu ilijitokeza pale tu utando wa kioo ulipoyeyuka juu yake.

Padri hakuficha upande wa giza wa kazi hiyo. Anaandika kuwa si mara chache tanuri nzima iliharibika, vyombo na visanduku vyake vikagandamana na kuwa pande moja gumu kama jabali. Kwa kila aliyetajirika, walikuwapo wengi waliofilisika. Anasimulia pia habari za agizo la mfalme aliyetangulia la kutaka mapipa ya kauri yenye upana wa futi tatu na nusu. Mafundi walihangaika kwa miaka mitatu, wakatengeneza mapipa 200, na hata moja halikufanikiwa. Mafundi walikuwa na mungu wao wa tanuri ambaye, kwa simulizi yao, alikuwa mfanyakazi aliyekata tamaa kwa sababu ya agizo kama hilo, akajitosa motoni. Inasimuliwa kuwa vyombo vya siku ile vilitoka vizuri kuliko vyote vilivyotangulia.

Yapo masimulizi mengine ambayo yalimgusa d'Entrecolles mwenyewe. Ofisa wa serikali aliyesimamia eneo hilo alikuwa akimwomba amletee michoro na maumbo mapya kutoka Ulaya, ili mafundi waviige na yeye apate kitu kigeni cha kumpelekea Mfalme Kangxi. Kwa misheni iliyohitaji ulinzi wa maofisa, hilo lilikuwa ombi gumu kulikataa. Lakini Wakristo wa mji huo walimfuata padri wao na kumsihi asitoe michoro hiyo. Walimweleza kuwa mfanyabiashara akiambiwa kazi fulani haiwezekani, huelewa. Ofisa haelewi hadi mafundi wawe wamechapwa viboko vya kutosha.

Padri aliyaandika hayo yote na kuyapeleka Paris. Hapo ndipo mjadala kuhusu mtu huyu unapokuwa mgumu. Waliompa maelezo ni watu waliomwamini kama baba yao wa kiroho, na walichomweleza kilikuwa mkate wao wa kila siku. Hata hivyo, hakujificha. Alisema wazi kwamba aliona maelezo ya kina kuhusu kazi hiyo yangekuwa na manufaa kwa Ulaya, na barua ilibeba jina lake. Neno jasusi huenda ni kali mno kwake, lakini si rahisi kusema kwamba hakujua thamani ya alichokuwa akikitoa.

Thamani hiyo ilikuwa kubwa kwelikweli. Mwaka 1717, miaka mitano baada ya barua ya kwanza, Augustus, mtawala wa Saxony huko Ujerumani, aliwatoa askari 600 kwa mfalme wa Prussia na kupokea vyombo 151 vya kauri ya China. Mtawala huyohuyo alikuwa amemfungia Johann Friedrich Böttger, kijana aliyejigamba kuwa angeweza kutengeneza dhahabu, ambaye pamoja na mwanasayansi Ehrenfried Walther von Tschirnhaus alipata kauri ngumu mwaka 1708. Kiwanda cha Meissen kilianzishwa mwaka 1710.

Kwa maana hiyo, si kweli kwamba barua ya d'Entrecolles ndiyo iliyozaa kauri ya kwanza ya Ulaya, kama inavyosemwa mara kwa mara. Wajerumani walikuwa wametangulia kwa miaka minne, kwa njia yao. Tofauti ni kwamba Meissen iliilinda siri yake kwa kufuli na askari, wakati barua ya padri ilichapwa na kuuzwa. Iliingizwa pia katika kitabu kikubwa kuhusu China kilichotolewa na Jean-Baptiste Du Halde mwaka 1735, ambacho kilitafsiriwa kwa Kiingereza muda mfupi baadaye.

Nchini Uingereza, mfamasia William Cookworthy alisoma maelezo hayo, akaanza kutafuta udongo na jiwe vinavyofanana navyo katika eneo la Cornwall. Alivipata, na mwaka 1768 akapewa hataza ya kutengeneza kauri. Mfinyanzi mashuhuri Josiah Wedgwood naye alinakili sehemu za barua hizo katika daftari lake. Nchini Ufaransa, mwanasayansi René Antoine de Réaumur alichunguza malighafi za China na kuwasilisha maelezo yake mbele ya Akademia ya Sayansi mwaka 1727 na 1729. Alitambua kuwa kauri ni ndoa ya kitu kinachoyeyuka na kisichoyeyuka, ingawa hakufanikiwa kuitengeneza.

Wakati Ulaya ikifaidi, mambo yalikuwa yakimwendea vibaya mwandishi wa barua. Roma ilikuwa imepiga marufuku Wakristo wa China kushiriki ibada za kuwaheshimu wahenga na Confucius, ibada ambazo Wajesuiti walikuwa wakizivumilia. Kangxi alikasirishwa, na mwaka 1721 akaamua kuzuia mahubiri. Januari 25, 1722, d'Entrecolles aliandika barua yake ya pili kutoka Jingdezhen, akirekebisha na kuongeza aliyoyakosa katika ile ya kwanza. Kangxi alifariki dunia Desemba mwaka huo. Mrithi wake, Yongzheng, alipiga marufuku Ukristo mwaka 1724 na kuwaondoa wamisionari mikoani. Waliobaki kwa kibali walikuwa wale wa Beijing waliohitajika na ikulu.

D'Entrecolles alikuwa mmoja wa waliobaki, kwani tangu mwaka 1722 alikuwa amehamia Beijing kuwa mkuu wa nyumba ya Wafaransa, wadhifa alioushika hadi mwaka 1732. Waumini wake wafinyanzi walibaki kilomita nyingi kusini, bila padri anayeruhusiwa na serikali.

Hakuacha kuandika. Mwaka 1726 alieleza namna Wachina walivyojikinga na ndui kwa kuingiza puani unga wa magamba ya vidonda vya mgonjwa, miaka 70 kabla ya chanjo ya Edward Jenner. Aliandika kuhusu viwavi wa hariri na maua ya kutengeneza kwa mikono. Alitafsiri pia hadithi za Kichina, na mojawapo, ya mjane aliyeonekana mwaminifu kumbe sivyo, ilimpa mwandishi Voltaire mawazo ya sura moja katika riwaya yake ya Zadig. Alifariki dunia Beijing mwaka 1741.

Maisha ya mtu huisha, lakini maelezo yake yalikuwa bado hayajapimwa na mtu yeyote. Alichoandika kilikuwa ushahidi wa macho na masikio. Je, kilikuwa sahihi?

Jibu lilianza kupatikana katikati ya karne ya 19, katika kiwanda cha serikali ya Ufaransa cha Sèvres, ambako wakemia Jacques-Joseph Ebelmen na Alphonse Salvétat walichambua malighafi zilizoletwa kutoka China. Baadaye Georges Vogt wa kiwanda hichohicho aliendelea na kazi hiyo kwa sampuli zilizokusanywa Jingdezhen kwenyewe, na matokeo yake yakatolewa mwaka 1900. Alionyesha kuwa Ulaya ilikuwa imeuelewa vibaya msamiati wa padri. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa petuntse ni sawa na feldispa, jiwe linalotumika viwandani Ulaya. Kumbe jiwe la Jingdezhen lilikuwa mchanganyiko wa kwatzi na ulanga mweupe uliosagika kiasili, na huo ulanga ndio uliosaidia kuyeyusha. Kosa halikuwa la d'Entrecolles, aliyeandika alichokiona. Lilikuwa la waliomsoma wakiwa na jiwe lao kichwani.

Karne ya 20 ilileta hadubini zenye nguvu na mionzi ya eksirei. Kwa njia moja, mionzi huelekezwa kwenye chombo, nayo madini yaliyomo hurudisha mionzi yao wenyewe, kila moja kwa namna yake, bila chombo kuguswa wala kumegwa. Utando wa kioo wa Jingdezhen ukaonekana kuwa na kile hasa barua ilichokitaja, yaani jiwe la kauri lililoyeyushwa kwa msaada wa chokaa. Ilionekana pia kuwa mafundi wa karne ya 14, walipoanza kutengeneza vyombo vya buluu kwa wingi, walipunguza chokaa kuliko walivyofanya wahenga wao. Utando ukawa mzito zaidi tanurini, haukutiririka sana, na mstari wa buluu ukabaki pale ulipochorwa. Ndani yake hadubini inaonyesha viputo vidogo mno vinavyotawanya mwanga, na ndivyo vinavyoupa ule weupe wenye kina unaotambulika na wajuzi.

Kuhusu makangaga, padri alikuwa sahihi kwa alichokiona lakini pengine si kwa alichokidhani. Kwa kuwa majivu yalitiwa majini, chumvi zake nyingi ziliondoka na maji. Kilichobaki kilikuwa hasa chokaa iliyolainika kupita kiasi kutokana na kuchomwa mara kwa mara. Kazi kubwa ya kangaga, kwa hiyo, ilikuwa kuwa kuni.

Buluu nayo ilitoa ushuhuda wake. Mwaka 1956 yalichapishwa nchini Uingereza matokeo ya uchunguzi uliolinganisha kobalti na manganizi iliyo ndani ya rangi. Vyombo vya karne ya 14 na mwanzoni mwa karne ya 15 vilikuwa na manganizi kidogo, na chuma ndicho kilichoambatana na kobalti yake, jambo linaloelekeza kwenye madini yaliyosafirishwa kutoka Uajemi. Vyombo vya baadaye vilikuwa na manganizi nyingi, alama ya madini ya China kwenyewe. Uchunguzi uliofuata umeonyesha kuwa mpaka kati ya aina hizo mbili si mkali kama ilivyodhaniwa, kwani mafundi walichanganya. Hata hivyo, kipimo hicho kimewasumbua sana waghushi wanaouza bakuli la jana kwa bei ya karne ya 15.

Vipimo vya namna hiyo vinagusa hata pwani ya Afrika Mashariki. Kauri ya China ilifika Kilwa, Gedi, Mombasa na kwingineko kwa karne nyingi, na katika makaburi ya nguzo ya Mambrui, Kenya, na Kunduchi, nje kidogo ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, bakuli zilipachikwa ukutani kama mapambo ya heshima. Nyingi zimebanduliwa na kuacha mashimo ya duara. Vigae vilivyosalia ndivyo ambavyo wataalamu huvitumia kukadiria umri wa majengo hayo, na tangu mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Peking walishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kuchimba Mambrui na Malindi.

Jingdezhen haikufa kwa kuandikwa. Miaka michache baada ya padri kuondoka, chini ya msimamizi Tang Ying aliyewasili mwaka 1728, tanuri za kifalme zilitoa baadhi ya vyombo bora kuliko vyote katika historia yake. Msimamizi huyo naye aliandika maelezo yake ya kazi hiyo, kwa amri ya mfalme, na mafundi wa leo wa mji huo bado wanachimba, wanachuja na kuchoma.

Kwa upande wa Ufaransa, kaolini iliyosakwa kwa miaka mingi ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1760 katika kijiji cha Saint-Yrieix. Inasimuliwa kuwa mke wa daktari wa upasuaji wa pale, aliyeitwa Darnet, aliuona udongo mweupe na kudhani ungefaa kufulia nguo. Kiwanda cha kwanza cha kauri kutokana na udongo huo kilifunguliwa mwaka 1771, na mji kilipofunguliwa ukageuka kuwa kitovu cha kauri ya Ufaransa hadi leo. Saint-Yrieix iko umbali wa kilomita 40 hivi kusini mwa mji huo, ambao ni Limoges, ule unaotajwa kuwa alikozaliwa d'Entrecolles.